Kompyuta ya Kwanza ya Gemu na Matangazo Mubashara: Mnunuzi Aangalie Nini

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi na wazazi, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu asubuhi ya Jumamosi, nanyi wanafunzi wenzangu. Nasema wenzangu kwa sababu sijaondoka chuoni muda mrefu kiasi cha kuisahau bei ya chipsi za kantini.

Ofisi yetu imeombwa ije kuzungumza juu ya ununuzi wa kompyuta ya kuchezea gemu na kurushia matangazo mubashara. Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni kama Serikali imeishiwa kazi. Nilimjibu kwamba fedha inayotumika kununua kompyuta ya namna hii mara nyingi ndiyo fedha kubwa kuliko zote ambazo kijana amepata kuishika mkononi kwa mara moja, na kwamba mtu anayetoa fedha ya namna hiyo kwa bidhaa asiyoijua ndiye hasa tuliyeajiriwa kumlinda. Nashukuru kwamba ameketi na anasikiliza.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili niliunganisha fedha ya bumu na kiasi alichonipa mama mdogo kutoka kwenye mchezo wake wa kupokezana, nikaenda Kariakoo. Sikuwa nimefika hata dukani pale winga aliponipokea, akanishika mkono kama ndugu yake aliyetoka safari. Nilionyeshwa kompyuta ya mezani iliyobandikwa karatasi: Core i7, RAM GB 16, kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. Ilikuwa na taa za rangi ndani. Ikawashwa, ikafunguliwa ukurasa wenye maelezo ya mashine, na kweli maneno yote yaliyokuwa kwenye karatasi yalikuwamo pia kwenye skrini. Nikalipa.

Kwa siku chache ilifanya kazi, kwa uzito. Kisha nikapakua programu mpya ya kuendeshea kadi kutoka kwa mtengenezaji wake, na kioo kikawa cheusi. Fundi aliyeifungua hosteli alicheka kabla hata ya kuitoa kadi, kwa sababu ilikuwa na tundu la VGA, lile la rangi ya buluu, ilhali kizazi cha kadi za GTX 1050 Ti kiliacha kutoa mawimbi ya VGA. Ndani yake palikuwa na chipu ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010, ambayo mtu alikuwa ameiandikia jina jipya katika kumbukumbu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa uongo. Prosesa nayo ilikuwa Core i7 kweli, ila ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011. Hakuna aliyenidanganya kuhusu i7. Nilijidanganya mwenyewe.

Nilirudi dukani. Nilionyeshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikatoa stakabadhi yangu. Ilikuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: “Desktop 1”, kiasi, na saini isiyosomeka. Sikuwa na kitu chochote kinachothibitisha kwamba niliahidiwa 1050 Ti. Mama mdogo hakuniuliza tena habari za kompyuta ile, na ukimya wake uliniumiza kuliko hasara yenyewe.

Ndiyo maana nitakayoyasema leo nitayasema kwa mpangilio wa pochi, yaani nitaanzia pale ambapo fedha nyingi hupotea.

Kabla ya duka, kaa chini uandike gemu tatu unazocheza kweli. Usiandike zile unazotamani kucheza siku moja. Anayecheza Valorant na Counter-Strike 2 ana mahitaji tofauti kabisa na anayetaka michezo mikubwa ya hadithi iliyotoka mwaka huu. Kisha andika kama unataka kurusha mubashara au la, kwa kuwa jibu hilo hubadilisha kadi utakayonunua, na hata herufi moja mwishoni mwa jina la prosesa. Mwenye karatasi hiyo mfukoni hashawishiki kirahisi na taa za rangi.

Sasa kadi ya grafiki. Hiki ndicho kifaa kinachochora kila taswira unayoiona kwenye gemu, na ndicho kinachopaswa kumeza fungu kubwa zaidi la bajeti. Kwa maoni yangu theluthi moja au zaidi kidogo. Ndicho pia chenye mitego mingi, na mitego mibaya zaidi si ya bidhaa bandia. Ni ya bidhaa halisi zenye majina yanayofanana. Chukueni kadi ya GT 1030. Mwaka 2017 ilitoka ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayopitisha data takribani GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine yenye kumbukumbu ya DDR4, inayopitisha takribani GB 17. Jina ni lile lile. Sanduku linafanana. Anayeuza hana haja ya kusema uongo. Anachohitaji ni wewe usiulize. RTX 3060 nayo ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na tofauti si ukubwa wa kumbukumbu peke yake, maana njia ya data ya ile ya GB 8 ni nyembamba zaidi na hata kasi yake hupungua. RX 580 ipo ya kawaida yenye viini 2304, na ipo iliyopunguzwa yenye viini 2048, ambayo huandikwa 2048SP kwa herufi ndogo, kama imeandikwa. Basi jina fupi la kadi halitoshi. Uliza aina ya kumbukumbu, ukubwa wake, na jina kamili la modeli lililo kwenye stika ya mtengenezaji.

Kwa anayetaka kurusha mubashara kuna swali la ziada ambalo wauzaji wengi hawalijui, na siwalaumu. Unapocheza na kurusha kwa wakati mmoja, mashine hufanya kazi mbili: huchora mchezo, na papo hapo huibana video ya mchezo huo iwe nyepesi kupita kwenye intaneti. Kazi hii ya pili inaweza kufanywa na prosesa, nayo ikalemewa na mchezo ukaanza kukwama. Au inaweza kufanywa na sehemu maalumu iliyo ndani ya kadi, iitwayo enkoda, bila kuuathiri mchezo sana. Mtu angedhani kila kadi mpya ina enkoda. La. RX 6500 XT, iliyotoka mwaka 2022, haina enkoda ya video kabisa, ilhali RX 580 ya mwaka 2017 inayo. GT 1030 haina. GTX 1650 ya asili inayo, lakini ni ya kizazi cha nyuma kuliko ile ya GTX 1650 Super na GTX 1660. Kwa hiyo kijana anaweza kununua kadi mpya kabisa, ndani ya sanduku lililofungwa, yenye dhamana, kutoka duka la kuaminika, na bado akawa amenunua kitu kisichofaa kwa kazi aliyoikusudia. Huo si udanganyifu. Muuzaji aliulizwa kadi ya gemu, akatoa kadi ya gemu.

Lakini ukimwambia muuzaji, “Naitaka kwa ajili ya kurusha mubashara,” naye akajibu inafaa, hapo mambo hubadilika kisheria. Nitalirudia hilo baadaye.

Kuhusu kadi za mtumba, sipo hapa kuzikataza. Wengi wetu hatutaingia katika shughuli hii kwa njia nyingine. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili mfumo wake, na tangu siku hiyo sarafu hiyo haikuchimbwa tena kwa kadi za grafiki. Kadi nyingi sana zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni duniani kote, na nyingine zikafika kwetu. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Chipu huvumilia kuliko watu wanavyodhani. Kinachochakaa ni feni, na ule mchanganyiko unaopitisha joto kati ya chipu na chuma cha kupoozea. Isikilizeni feni kwa sikio. Iangalieni kadi upande wa nyuma kama ubao umebadilika rangi kwa joto, na hapa pwani angalieni kutu kwenye skrubu na matundu, kwa sababu chumvi ya bahari haimhurumii mtu.

Kuna programu mbili za bure ambazo nawasihi mziweke kwenye flashi kabla ya kwenda dukani: GPU-Z kwa kadi, na CPU-Z kwa prosesa. Tangu mwaka 2018 GPU-Z imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobandikwa jina la uongo, na ikiigundua moja huandika onyo mbele ya jina lake. Lau ningekuwa nayo siku ile, mazungumzo yangu na winga yangechukua dakika mbili. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuifungua. Akikataa, umepata jibu bila kulipia.

Kisha prosesa. Hapa kosa ni moja, nalo ni la kwangu: kununua i7. Herufi i na tarakimu 3, 5 au 7 hueleza daraja ndani ya kizazi kimoja, hazilinganishi vizazi. Kinachohesabika ni namba inayofuata. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, mwaka 2011. Core i3-12100 ni ya kizazi cha kumi na mbili, mwaka 2022. Zote zina viini vinne na nyuzi nane, na ile i3 huiacha i7 mbali sana. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600 yenye viini sita imekuwa chaguo la busara kwa bajeti ya kati, na bao zake, zile za AM4, hutumia RAM ya DDR4. Bao mpya za AM5 hupokea DDR5 pekee, na aina hizi mbili za RAM haziingiliani hata kwa nguvu. Nafasi zimekatwa tofauti.

Angalieni herufi ya mwisho. Prosesa ya Intel yenye herufi F, kama i3-12100F, haina grafiki zake za ndani. Huuzwa kwa bei ndogo kidogo, na kwa mwenye kadi nzuri haina neno. Lakini kadi ikiharibika hutaona chochote kwenye kioo hadi upate nyingine, na utakosa pia enkoda ya Intel iliyo ndani ya zile zisizo na F, ambayo hurusha video vizuri kabisa. Kwa upande mwingine Ryzen 5 5600G ina grafiki zake za ndani, nayo hucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote. Mwanafunzi asiye na fedha ya kadi mwaka huu anaweza kuanza na hiyo na kuongeza kadi akishajaliwa. Sharti ni moja: RAM yake iwe vipande viwili vya GB 8, isiwe kimoja cha GB 16, kwa kuwa grafiki za ndani hukopa kumbukumbu ya mashine, na vipande viwili hufungua njia mbili za data badala ya moja. Nimewahi kuona tofauti hiyo kwa macho, na sikuhitaji kipimo.

Nije kwenye njia ambayo najua wengi mnaifikiria, maana hata mimi niliifuata nilipoanza upya: kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile nyeusi za Dell au HP zinazoingia kwa makontena kutoka Dubai na Ulaya, na kuitia kadi. Si njia mbaya. Ila mashine hizi zilijengwa kwa ajili ya makarani. Kisambaza umeme chake, au pawa saplai kama tunavyoiita, mara nyingi hakizidi wati 300, hakina nyaya za kulishia kadi, na umbo lake ni la kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuchomeka kingine cha kawaida bila kubadilisha na mengine. Kadi inayofaa humo ni ile inayotosheka na wati 75 zinazopita kwenye ubao mama, kama GTX 1050 Ti au baadhi ya GTX 1650. Na ikiwa kasha ni lile jembamba, kadi ya urefu wa kawaida haitaingia kabisa. Pima kwa rula kabla ya kulipa. Tena, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hudai pia mashine iwe na TPM 2.0 na uwashaji salama. Basi mashine ya kizazi cha nne unayouziwa kwa bei ya kutupa huenda inatupwa kweli.

Wazazi, hapa kwenye umeme naomba mnisikilize ninyi zaidi ya watoto. Kisambaza umeme ndicho kifaa ambacho vijana hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki, nacho ndicho pekee chenye uwezo wa kuunguza vingine vyote na pengine chumba. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo la stika, tafuta mstari wa volti 12, kwani prosesa na kadi hulishwa na huo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Kama stika inasema wati 500 kwa herufi kubwa na kwenye volti 12 inasema ampea 18, basi una wati 216 za kazi, na hizo nyingine ni za kupamba sanduku. Kifaa cha wati 450 au 550 za kweli kinatosha kwa mashine ya kwanza. Kadi ya RTX 4060, kwa mfano, imepangiwa wati 115 tu. Alama ya 80 Plus ni nzuri, lakini hupima ufanisi, haikuhakikishii kwamba nyaya ni salama. Kiinueni mkononi. Kilicho chepesi kama sanduku tupu, ndani kina kidogo.

Vile vilivyotoka Marekani vikiwa mtumba huwa mara nyingine na swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlio mmoja na biashara imekwisha. Ni jambo la sekunde tatu kuangalia.

Kwa kukatika kwa umeme, nunua UPS, na tambua kwamba namba iliyoandikwa VA si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, kwa dakika chache, zinazotosha kuzima mashine kwa heshima. Haikusudiwi kumaliza mechi. Na kwa anayeuliza juu ya LUKU: mashine inayokula wati 250 ikichezwa saa nne hutumia uniti moja. Mjadala wa nani anunue umeme nyumbani nauacha mikononi mwenu.

Mengine ni mepesi. RAM GB 16. Hifadhi iwe SSD, GB 500 kwa kuanzia, na achana na hizo za nje zinazotangazwa kuwa na TB 16 kwa bei ya viatu. Ndani yake huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ukubwa. Kasha liwe na matundu mbele na feni mbili. Kioo cha hali ya juu hakina faida kama kadi yako haifikishi fremu hizo. Cha pikseli 1920 kwa 1080 chatosha, nawe hakikisha tundu lake linalingana na la kadi.

Kurusha mubashara kuna gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya duka. Programu yenyewe, OBS Studio, ni ya bure, na yeyote anayewauzia anawaibia. Gharama ni bando. Matangazo ya ubora wa 1080p kwa fremu 60 hurushwa kwa takribani kilobiti 6000 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: ni GB 2.7 kwa saa, za kupandisha tu. Saa tatu kila jioni ni zaidi ya GB 8 kwa siku. Kwa 720p na fremu 30 waweza kushuka hadi kilobiti 3000, yaani nusu yake, na watazamaji wako wanaotazama kwa simu hawataona tofauti kubwa. Kwa hiyo kabla hujanunua kadi ya kurushia picha ya juu, pima kasi ya kupandisha data pale unapoishi, saa ile ya usiku utakayorusha, kwa siku kadhaa. Matangazo ya kampuni huandika kwa herufi kubwa kasi ya kushusha. Nawajua vijana wenye mashine nzuri kuliko ya ofisi yangu wanaorusha picha kama ukungu wa Lushoto kwa sababu hawakupima. Na chenji ikibaki, nunua maikrofoni kabla ya kamera. Mtazamaji huvumilia picha mbaya, sauti mbaya huikimbia. Anayekusudia kuifanya kazi hiyo kuwa biashara aulize Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni kabla hajaanza, kwani kanuni za mwaka 2020 zimekwisha kufanyiwa marekebisho na ya kusikia mitaani hupitwa na wakati.

Sasa nirudi kwenye stakabadhi, ambayo ndiyo iliyonifikisha katika kazi hii.

Mtaambiwa bei mbili: ya risiti, na isiyo na risiti. Tofauti yake hufanana na ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ina mvuto, sikatai. Lakini ukiikubali bei isiyo na risiti, umeuza haki yako ya kulalamika kwa asilimia hiyo, mbali na kwamba sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya mashine ya EFD na inamtaka mnunuzi aidai. Risiti ya EFD peke yake nayo haitoshi ikiwa imeandikwa “desktop”. Mwombe muuzaji aandike, kwenye ankara au hata kwenye karatasi yenye muhuri wake, jina kamili la prosesa, la kadi na ukubwa wa kumbukumbu yake, namba za utambulisho zilizo kwenye stika, kama ni mpya au mtumba, na muda wa dhamana. Na kama umemweleza kazi unayoitakia, liingie neno hilo pia: “kwa ajili ya kurusha mubashara”. Hapo bidhaa isipofaa kwa kazi iliyotajwa, tatizo si la bahati yako tena.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha mnunuzi, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Zote mbili husimamiwa na Tume ya Ushindani. Maandishi ya “mali ikishauzwa hairudishwi” yaweza kumzuia aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya kasha. Hayampi mtu ruhusa ya kuuza kadi ya mwaka 2010 kwa jina la kadi ya 2016. Anza kwa kumrudia muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili pawe na tarehe. Usiifungue kadi wala kumpa fundi kabla hajaiona, maana stika ikikatika utaambiwa ulibadilisha mwenyewe. Asipotoa suluhisho, leta nakala za hati na picha za skrini.

Kwa wanaonunua kupitia kurasa za mitandaoni, lipeni baada ya kukagua, na ukaguzi uwe wa dakika ishirini huku gemu inaendeshwa. Dakika mbili hazitoshi kuipasha moto kadi, na kadi mbovu huonekana ikishapata joto. Muuzaji asiye na mahali pa kukutana isipokuwa kituo cha daladala, mwacheni na kituo chake. Na tafadhali msinunue kompyuta kwa mikopo ile ya haraka ya kwenye simu. Nimepokea mama mmoja ofisini ambaye namba yake iliwekwa na mwanawe kama mdhamini bila yeye kujua, na simu za wadai zilimkuta msibani. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibika.

Nimezungumza kuliko nilivyopangiwa, na Mwenyekiti ananitazama saa. Ile kadi yangu ya 1050 Ti ninayo hapa mezani, na tundu lake la buluu. Nimekuja pia na kompyuta iliyo wazi na flashi yenye zile programu mbili. Aliye na karatasi ya bei aliyopewa dukani aje nayo tuisome pamoja, mstari kwa mstari, na aliye na risiti aliyokwisha kupewa aje kwanza.